Sura ya Sita: Mirathi Hufunguliwa Wapi

Mirathi hufunguliwa mahali marehemu alipokuwa akiishi, wala si mahali alipofia, wala alipozikwa, wala ilipo nyumba yake ya thamani kuliko zote, wala wanapoishi warithi wake. Kwa Tanzania Bara, kanuni hiyo imo katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, iliyotungwa mwaka 1984. Jedwali hilo linaipa mahakama ya mwanzo uwezo wa kushughulikia mali za marehemu iwapo mtu huyo, alipofariki, alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo, na iwapo sheria inayotawala urithi wake ni sheria ya kimila au sheria ya Kiislamu. Maneno hayo machache yamebeba maswali mawili, moja likihusu mahali na la pili likihusu namna mtu alivyoishi. Familia nyingi hulijibu la kwanza kwa kukisia na la pili haziliulizi kabisa, kisha hugundua baada ya miaka, nyumba ikiwa imekwisha kuuzwa na fedha zimekwisha kugawanywa, kwamba karatasi zote zilizotumika zilitolewa na mahakama isiyokuwa na uwezo wa kuzitoa.

Kabla ya kuyajibu maswali hayo, yafaa maneno mawili yaeleweke. Kufungua mirathi ni kupeleka maombi mahakamani ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, yaani mtu atakayekusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki kwa warithi; hadi uteuzi huo utoke, hakuna mjane, mtoto wala ndugu wa marehemu ambaye benki italazimika kumfungulia akaunti ya marehemu au ofisi ya ardhi itabadilisha hati kwa ombi lake, hata kama ukoo mzima umekaa na kumkubali. Neno la pili ni mamlaka, ambalo katika lugha ya mahakama lina maana ya uwezo ambao sheria imeipa mahakama fulani kusikiliza shauri la aina fulani kutoka eneo fulani. Mamlaka hayapatikani kwa wahusika kukubaliana, wala kwa hakimu kuwahurumia, na yakikosekana yanaweza kuhojiwa katika hatua yoyote, hata kwenye rufaa, hata kama hakuna aliyeyagusia tangu siku ya kwanza.

Uchukuliwe mfano wa mwalimu mstaafu aliyeishi Kilosa kwa miaka thelathini, akaugua, akapelekwa hospitali ya mkoa mjini Morogoro, kisha akapewa rufaa ya kwenda Muhimbili, akafia huko Dar es Salaam, na mwili wake ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Rombo. Cheti chake cha kifo kitataja Dar es Salaam kuwa mahali pa kifo. Kiwanja alichonunua kwa mafao ya ustaafu kiko Chanika. Mtoto wake mkubwa, ambaye ndiye anayebeba bahasha ya nyaraka, anafanya kazi Kinondoni. Kaburi liko Kilimanjaro. Kila moja ya sehemu hizo ina mahakama yake, na kila moja ina sababu ya kumvuta mwenye haraka, lakini makazi ya kudumu ya mwalimu yule yalikuwa Kilosa, na huko ndiko shauri lake la mirathi linakostahili kufunguliwa. Cheti cha kifo huthibitisha kwamba mtu amekufa, lini na wapi. Hakithibitishi alikoishi, na kosa la kukisoma kana kwamba kinathibitisha yote mawili ndilo linaloongoza kwa wingi, kwa kuwa hospitali kubwa za rufaa ziko katika miji michache ilhali wagonjwa wanatoka nchi nzima.

Ushahidi wa makazi hutoka kwa watu walioishi na marehemu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya mtendaji wa kijiji, inayosema kwamba fulani alikuwa mkazi wa pale hadi kifo chake, ndiyo karatasi ambayo makarani wengi huiomba mwanzo kabisa, na ni heri ikaandikwa na ofisi ya mahali alipolala na kuamka marehemu kuliko ofisi ya mahali anapoishi mwombaji, ambaye mara nyingi ndiye anayejulikana na mwenyekiti. Pale mtu alipokuwa na miji miwili, kama ilivyo kwa mwanamume mwenye mke mmoja Tabora mjini na mwingine Nzega, jibu halitoki kwa kuhesabu siku tu, bali kwa kuangalia alikoweka shughuli zake, alikojiandikisha kama mkazi, alikorudi alipokuwa hana kazi ya kumtoa. Familia za namna hii ndizo ambazo kila upande hukimbilia mahakama ya karibu yake, na matokeo yake huwa wasimamizi wawili wa mirathi moja, kila mmoja na karatasi yenye muhuri.

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo lenye uzito kwa mjane na watoto. Katika Tanzania Bara hakuna sheria moja ya urithi inayowahusu watu wote. Ipo sheria ya kimila, ambayo kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba iliandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Ipo sheria ya Kiislamu, yaani mafungu yaliyowekwa na Kurani na kufafanuliwa na wanazuoni. Na ipo sheria ya bunge, ambayo katika suala la mgawanyo kwa asiyeacha wosia bado inategemea Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na utawala wa kikoloni na ambayo haijaondolewa hadi leo. Tofauti baina yao si ya maneno. Mjane mwenye watoto hupata theluthi moja chini ya sheria ya 1865, na watoto, wa kike kwa wa kiume, hugawana theluthi mbili sawa kwa sawa. Chini ya sheria ya Kiislamu mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na wakiwa wajane wengi hugawana thumni hiyohiyo. Chini ya kanuni za kimila za mwaka 1963 mjane hahesabiwi kuwa mrithi wa mumewe, bali anatazamiwa kutunzwa na wanawe. Kanuni hizo za 1963 zilifika hadi katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua, kwa malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, kwamba zinavunja haki zao. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na kila mwaka unaopita kanuni zikiwa palepale kuna nyumba ambamo mama aliyelima shamba na kusomesha watoto anahesabiwa kama mgeni katika mali aliyoitafuta.

Hapo ndipo mahali pa kufungua mirathi panapogusana na haki yenyewe. Anayepeleka maombi mahakama ya mwanzo anakuwa amesema, ajue asijue, kwamba urithi wa marehemu unatawaliwa na mila au na Uislamu, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka juu ya mirathi inayotawaliwa na sheria ya bunge. Kwa hiyo familia inayochagua mahakama ya mwanzo kwa sababu tu iko umbali wa kutembea kwa miguu, wakati marehemu alikuwa Mkristo aliyeishi mjini na kuyaacha mambo ya ukoo tangu ujana wake, imechagua sheria bila kufahamu, na imechagua isiyo yake.

Mahakama Kuu imeweka vigezo viwili vya kujibu swali hilo. Cha kwanza ni kigezo cha mtindo wa maisha, ambacho hutazama mtu aliishi vipi: alioa kwa taratibu gani, aliswali au alikwenda kanisani, alihudhuria mikutano ya ukoo, alishika mila za kwao au alizitupa. Cha pili ni kigezo cha kusudio, ambacho hutafuta alichotaka mwenyewe, kwa maneno yake, kwa maandishi yake au kwa matendo yanayoonyesha kwamba alitaka mali yake igawanywe kwa sheria fulani. Katika shauri moja la mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni kwa kabila na Mkristo kwa dini, aliyeishi mjini na kuoa mke wa Kichaga, na ambaye uhusiano wake na mambo ya kwao ulikuwa umekatika. Mahakama iliona kwamba maisha hayo si ya mtu wa kutawaliwa na mila za Wangoni, ikatumia sheria ya 1865. Kabila la mtu, kwa hiyo, halitoshi kuamua, na dini nayo peke yake haitoshi, kwani wapo Wakristo walioishi kimila hadi mwisho wao na wapo Waislamu ambao katika mambo ya mali walifuata desturi za ukoo. Mwalimu wa Kilosa anarudi hapa kwa sura nyingine: kuzikwa kwake Rombo hakuhamishi makazi yake, lakini kama alijenga katika kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo, akapanda migomba huko na kurudi kila Desemba, hayo ni mambo ambayo mahakama itayapima inapouliza aliishi kwa sheria gani. Kaburi lisilosema chochote kuhusu wapi linaweza kusema kitu kuhusu namna gani.

Majibu ya maswali hayo mawili yakishapatikana, ngazi za mahakama hueleweka kwa urahisi. Mila au Uislamu huipeleka mirathi mahakama ya mwanzo, bila kujali kama mali ni ng'ombe watatu au maghorofa matatu, kwani kinachoangaliwa ni sheria inayotawala na makazi ya marehemu. Ikiwa sheria inayotawala ni ya bunge, mwombaji anaingia chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ambayo ilianza kutumika mwaka 1963, na huko mahakama ni tatu. Mahakama ya wilaya inashughulikia mirathi ndogo, ambayo kima chake huwekwa na sheria na hubadilishwa, ndiyo maana mwombaji anapaswa kuuliza kima cha siku ile badala ya kutegemea alichosikia kwa jirani aliyefungua mirathi miaka kumi iliyopita. Mahakimu wakazi ambao Jaji Mkuu amewateua kuwa mawakala wa wilaya, cheo ambacho maana yake ni kwamba wanafanya kwa niaba sehemu ya kazi ya Mahakama Kuu, hushughulikia hasa mirathi isiyo na ubishani. Mahakama Kuu yenyewe ina mamlaka juu ya mirathi yote ya aina hii, na masjala zake, yaani ofisi zinazopokea na kutunza majalada, ziko katika miji kama Arusha, Moshi, Tanga, Dodoma, Tabora, Mwanza, Bukoba, Mbeya, Iringa, Songea, Sumbawanga na Mtwara, kwa hiyo si lazima mtu wa Songea afunge safari hadi pwani.

Kinachobaki ni kuipata mahakama yenyewe, mlango wake na mtu wa kuzungumza naye. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaweka mahakama za mwanzo katika kila wilaya na kuzipa mamlaka ndani ya wilaya hiyo, na kwa taratibu za kazi kila moja huhudumia kata au tarafa zilizo jirani nayo. Wilaya ndiyo mpaka wenye uzito, na wilaya za Tanzania zimekuwa zikigawanywa mara kwa mara. Mtu aliyejenga Kibamba au Kimara wakati maeneo hayo yakiwa Wilaya ya Kinondoni anaweza kuwa na leseni, hati na risiti zinazosema Kinondoni, ilhali alipofariki eneo hilo lilikuwa limekwisha kuwa Wilaya ya Ubungo. Na kinachohesabiwa ni wakati wa kifo. Dar es Salaam ina jambo lake jingine, nalo ni Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke, ambamo ngazi kadhaa za mahakama zimewekwa chini ya paa moja ili kushughulikia ndoa na mirathi. Mkazi wa jiji hilo hana budi kuuliza kwanza, kabla ya kulipa chochote, kama shauri lake linasajiliwa huko au katika mahakama ya wilaya yake.

Mtu wa kwanza wa kuulizwa ni mtendaji wa kata au wa kijiji alikoishi marehemu, kwa sababu ofisi hiyo hupokea hati za wito na matangazo kutoka mahakamani na inajua yanatoka mahakama gani. Wa pili ni karani wa mahakama iliyotajwa. Tovuti rasmi ya Mahakama ya Tanzania nayo husaidia kwa anayeishi mbali, na hukumu za mahakama za juu kuhusu mirathi husomeka bure katika maktaba ya kisheria ya mtandaoni iitwayo TanzLII, ambamo mtu mwenye subira anaweza kuona kwa macho yake ni mirathi ngapi zimefutwa kwa kufunguliwa pasipostahili. Hata hivyo, kwa mirathi, hakuna kinachozidi kwenda mwenyewe asubuhi, kwa kuwa maswali ya karani ni mengi na majibu yake hutegemea karatasi zilizomo kwenye bahasha.

Mbele ya karani, yapo mambo manne ambayo mwombaji mwangalifu huyauliza kabla hajaombwa fomu. Huuliza kama eneo alikoishi marehemu, akilitaja kwa mtaa, kata na wilaya, liko chini ya mahakama hiyo. Huuliza kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kufungua mirathi ya marehemu huyohuyo, kwa jina lake kamili na kwa majina mengine aliyojulikana nayo, kwa sababu mtu aliyeitwa Juma Athumani kijijini anaweza kuwa J. A. Mkwawa katika daftari la mwajiri wake. Huuliza ni nyaraka zipi zinazohitajika na kama nakala zithibitishwe na nani. Na huuliza ada, akisubiri apewe namba ya kumbukumbu ya malipo ya kulipia benki au kwa simu, kwani malipo ya mahakama hayapokelewi mkononi, na fedha inayowekwa mezani bila namba hiyo haina risiti na haina mwenyewe. Ikumbukwe kwamba karani hutoa maelekezo ya taratibu, lakini si yeye anayeamua mamlaka. Akisema shauri lipokelewe, bado hakimu anaweza kulikataa, na akisema lisipokelewe, mwombaji ana haki ya kuomba kumwona hakimu mfawidhi, yaani hakimu mkuu wa kituo hicho.

Taratibu za mahakama ya mwanzo zimo katika kanuni za mwaka 1971, Tangazo la Serikali Namba 49, na zimejengwa juu ya fomu chache zenye namba. Fomu Namba I ndiyo maombi yenyewe. Ni karatasi ya kawaida, ambayo mwombaji huijaza jina lake na uhusiano wake na marehemu, siku ya kifo, mahali marehemu alipokuwa akiishi, na majina ya warithi. Na katika karatasi hiyo yote, mstari wa makazi ndio unaojazwa kwa haraka kuliko yote ilhali ndio unaoipa mahakama uwezo wa kuisoma mistari mingine. Anayeandika hapo "Dar es Salaam" kwa sababu ndiyo iliyoandikwa katika cheti cha kifo ameweka kwa kalamu yake sababu ya kufutwa kwa shauri lake. Fomu Namba II ni tangazo, ambalo hubandikwa ubaoni na kupelekwa mahali marehemu alipojulikana, ili mwenye pingamizi, yaani anayepinga mtu fulani kuteuliwa au anayedai kuachwa nje, ajitokeze siku ya kusikilizwa. Tangazo hilo ni sababu nyingine ya busara ya kanuni ya makazi: likibandikwa mahakama ya mbali, majirani wa marehemu, wadai wake, na mtoto ambaye familia haikumtaja hawataliona, na shauri litapita kimya kama vile wote wameridhika.

Pamoja na fomu huambatanishwa cheti cha kifo kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, wosia kama upo, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza mwombaji. Kuhusu muhtasari huo ni lazima jambo moja lisemwe wazi. Mahakama huuthamini, kwa sababu huonyesha kwamba ndugu wamezungumza, lakini kanuni za 1971 hazikuutaja kuwa sharti, na mjane ambaye shemeji zake wamekataa kuketi naye hazuiwi kwenda mahakamani bila karatasi hiyo, akaeleza kwa nini hana, na hakimu akawaita hao waliokataa. Wanawake wengi wamekaa miaka wakisubiri kikao ambacho wenye kukiitisha hawakuwa na nia ya kukiitisha. Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya nyingi na ambao kazi kama hii, ya kujaza fomu na kumwelekeza mtu mahakama sahihi, ndiyo kazi yao ya kila siku.

Wanaoingia kwa mlango wa Sura ya 352 wanakutana na karatasi nyingi zaidi, zikiwemo kiapo, dhamana, na ridhaa za warithi wengine, na huko kuchelewa nako kuna maelezo yake, kwani kanuni zinamtaka anayefungua mirathi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu kifo aeleze katika maombi yake kilichomchelewesha. Anayetaka asiteuliwe mtu bila yeye kusikilizwa huweka zuio, ambalo hudumu miezi 4. Mwenye wosia huomba uthibitisho wa wosia, na asiye nao huomba barua za usimamizi. Vyote viwili hutolewa na mahakama zilezile. Lugha isimtishe mtu, kwani tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, na mahakama za mwanzo hazikuwahi kuwa na nyingine.

Wapo wanaodhani kwamba msikiti au ofisi ya kadhi inaweza kuchukua nafasi ya mahakama, na dhana hiyo inahitaji kutenganishwa vizuri. Kwa Tanzania Bara, mahakama za makadhi ziliondolewa katika mfumo wa serikali mwaka 1963, kwa hiyo shekhe au kadhi anaweza kukokotoa mafungu kwa usahihi mkubwa, na mahakama ya mwanzo mara nyingi hunufaika na hesabu yake, ila hawezi kumteua msimamizi ambaye benki au ofisi ya ardhi itamtambua. Zanzibar ni nyingine kabisa: ina mahakama zake za kadhi zilizowekwa kwa sheria, ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayoshughulikia mirathi za Waislamu, na mashauri yanayoanzia kwa kadhi hayavuki bahari kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Aliyeishi Chake Chake mirathi yake haifunguliwi Tanga kwa sababu tu ana duka Tanga.

Kwa wanaoishi mipakani na ughaibuni, kanuni ya makazi inabaki ileile, lakini inaongezewa hatua. Mtu aliyeishi Mombasa na kuacha kiwanja Tanga hufunguliwa mirathi Kenya, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ambako Waislamu wana mahakama za kadhi zinazotambuliwa na Katiba ya 2010, na wengine hugawanywa kwa thamani ya mali, hakimu mwenye cheo cha juu katika mahakama za mahakimu akifika ukomo wa shilingi za Kenya milioni 20 na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Hati ya Mombasa haifungui kiwanja cha Tanga moja kwa moja. Huletwa Mahakama Kuu ya Tanzania igongwe muhuri upya, utaratibu ambao Sura ya 352 imeuweka kwa hati zitokazo nchi za Jumuiya ya Madola, na ambao huwaokoa warithi na kuanza shauri jipya. Uingereza na Kanada zimo katika jumuiya hiyo, Marekani na Omani hazimo, na tofauti hiyo yafaa ijulikane na familia kabla ya tiketi ya ndege kukatwa.

Ikigundulika kwamba shauri limefunguliwa pasipo pake, wakati wa kulirekebisha ni kabla ya uteuzi. Mwombaji huomba kuliondoa, hakimu huliandika kuwa limeondolewa, na siku hiyohiyo anaweza kuvuka kwenda mahakama inayostahili akiwa na bahasha ileile. Hasara yake ni ada na nauli. Baada ya uteuzi mambo hubadilika. Anayedhurika huomba uteuzi utenguliwe, au hukata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na mahakama ya juu ikiona kwamba ile ya chini haikuwa na mamlaka, huufuta mwenendo mzima, kuanzia fomu ya kwanza hadi mgawanyo wa mwisho, hata kama msimamizi alikuwa mwaminifu kwa kila senti. Aliyenunua nyumba kutoka kwa msimamizi huyo hujikuta akishika mkataba uliotiwa saini na mtu ambaye mbele ya sheria hakuwahi kuwa msimamizi, na mjane aliyekwisha kupewa fungu lake huambiwa alirudishe, wakati mwingine likiwa limekwisha kuwa ada ya shule na bati la nyumba.

Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama sahihi hutoka na Fomu Namba IV, yenye muhuri wa mahakama, ambayo ndiyo atakayoionyesha benki, kwa mwajiri wa marehemu, kwenye mfuko wa pensheni na ofisi ya ardhi. Lakini safari ya kwenda mahakamani haiishii hapo, na ndiyo sababu umbali wake kutoka nyumbani kwa marehemu una maana. Ndani ya miezi 4 msimamizi anatakiwa arudi na Fomu Namba V, orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni, na baadaye Fomu Namba VI, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Chini ya Sura ya 352 muda ni miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Orodha hiyo husomwa mbele ya warithi, katika mahakama ambayo wanaifikia kwa daladala au kwa baiskeli, na kama trekta moja au ng'ombe kumi hawamo ndani yake, yupo jirani aliyeketi benchi la nyuma anayejua walikuwa zizi gani.